Mia Mbili kwa Kilo

Siku ya mshahara kijiji kile hubaki hakina serikali. Walimu huondoka alfajiri, mtendaji huondoka, bwana shamba naye hafungi hata ofisi, anaurudishia tu mlango na kudandia gari. Wote wanakwenda mjini kutoa hela na kununua mahitaji ya mwezi mzima, na watoto wa shule wanafagia uwanja uleule mara tatu halafu wanarudi nyumbani. Kijiji kiko mwisho kabisa wa kata ya Ringwani. Jina lake tuliache hapohapo, maana watu wake wapo na wana masikio. Wenyeji hawalalamiki. Wanasema watumishi wamepelekwa kunywa maji, kama wanavyosema kuhusu ng'ombe wao, wanacheka, yanaisha.

Kiongozi wa safari hizo alikuwa Nesi Laurensia wa zahanati. Mwanamke wa Muleba huyo, mnene kiasi, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya kukaripia hata anapokusalimia. Serikali ilimleta huku akiwa binti wa miaka ishirini na sita, akalia wiki mbili, akazoea. Sasa alikuwa kwenye mwaka wa tisa, ameshajua Kikurya cha kumgombeza mgonjwa na Kikurya cha kumbembeleza, na hakuna boma ambalo angepita asiitwe kunywa uji. Watu walimpenda. Hilo ni vizuri mlijue mapema.

Walimwita Mama Jumla. Hakuwa na mtoto, lakini jina lilimkaa. Laurensia hakuwahi kununua robo ya sukari maishani mwake, alikuwa akisema kununua robo ni kumlipa mwenye duka akuhurumie. Chumba chake cha pili kilikuwa ghala: mfuko wa mchele, mfuko wa sukari, dumu la mafuta la lita ishirini, sabuni za miche katoni nzima. Kila mwisho wa mwezi alikusanya hela za walimu na za Kezia, mhudumu wa zahanati, akazitia kwenye mkoba wake mweusi, akakodi pikapu ya Heche, wakaenda Tarime mjini kununua kwa pamoja. Wakirudi walikuja kugawana palepale zahanati, kwa mizani ya kupimia watoto, ile ya kuning'iniza. Mchele unatiwa kwenye kisuruali cha turubai ambacho mtoto hutiwa miguu, unaning'inia, mshale unatulia, haya, huu wa mwalimu mkuu, lete mwingine.

Sasa, je, jumla inaokoa hela kweli? Mzee Isack, mwenye duka la kijijini, alikuwa na maneno yake kuhusu hilo, na alikuwa akiyatoa bila kuombwa. Mtu mwenye robo ya sukari, alisema, anaweka kijiko kimoja. Mwenye mfuko anaweka vitatu na kumkaribisha jirani. Halafu hesabuni nauli, hesabuni soda za njiani, hesabuni panya. "Mnaokoa mia, mnapoteza siku nzima," aliwaambia. "Siku nzima mnaipa bei gani?" Walimu walimcheka wakasema mzee ana kijicho. Laurensia hakucheka, alimjibu kwa vitendo: mchele wake mwenyewe aliupima kwa mizani ileile, kilo na nusu kwa wiki, na wiki ikiwa ndefu alikunywa chai na kulala. Kwa mwanamke mbahili namna ile, jumla ilikuwa inaokoa. Tusimsingizie.

Na kila alichookoa kilikuwa na kazi moja. Mama yake kule Muleba alikuwa anaishi kwenye nyumba inayovuja, mama mzee wa miaka sabini na kitu anayeamka usiku wa mvua kuhamisha godoro. Nyumba mpya ilishasimama kuta, inasubiri bati ishirini na nane. Laurensia hakuhesabu tena kwa shilingi, alihesabu kwa bati. Mwezi huu nimepata bati, mwezi huu nimepata nusu. Ameshanunua kumi na tisa, amezilaza chini ya kitanda cha mama yake, na bahasha ya bati la ishirini ilikuwa kwenye ule mkoba mweusi.

Ndipo ikaja habari ya Neema. Neema alikuwa mke wa Ryoba, kijana mfugaji wa boma la ng'ambo ya korongo, na mimba ilikuwa ya tatu. Ya pili alizalia nyumbani mikononi mwa mama mkwe wake, Waisiko, akamwaga damu mpaka watu wakaanza kuangalia pa kuchimba. Aliokoka tu, hakuna aliyejua kwa nini. Laurensia aliposoma kadi yake kliniki alikunja uso, akamwandikia rufaa akajifungulie hospitali, aende akakae karibu na huko wiki mbili kabla ya siku zake.

Ryoba aliigeuzageuza ile karatasi. "Nesi, akae kwa nani? Ale nini? Na hawa wawili wa nyumbani nani atawapikia?" Ng'ombe wa kuuza alishauzwa, na waliobaki walikuwa wa kukamuliwa. Laurensia alijua anasema kweli. Akasema basi, atazalia hapa zahanati, lakini asithubutu kuzalia nyumbani.

Aliyekataa ni Waisiko. Mama wa Kikurya mwenye masikio yaliyotobolewa zamani na mikono mikubwa, alikaa kwenye benchi la zahanati akamtazama Laurensia juu mpaka chini. "Mikono hii imepokea watoto arobaini," alisema. "Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa hata mmoja, mama. Lakini nina dawa ambayo wewe huna."

Akamwingiza ndani, akafungua friji ya chanjo, akatoa kichupa kidogo cha kioo kisichozidi kidole. Akamwekea kiganjani. Akamwambia sindano moja tu ya hii mara mtoto anapotoka, kizazi kinajikaza, damu inakata. Ungekuwa nayo siku ile, mkweo asingemwaga vile. Waisiko alikishika kile kichupa cha baridi muda mrefu, akakigeuza kwenye mwanga, kama anayekariri sura yake.

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Watumishi huwa hampo. Mwezi ukiisha hampo."

"Mimi nitakuwepo, mama. Mkono wangu ndio utakaompokea."

Basi bibi akakubali. Lilikuwa jambo kubwa lile, mjue. Laurensia alirudi nyumbani siku hiyo anatembea amejaa furaha. Miaka tisa alikuwa anawaomba wanawake wa ng'ambo ya korongo waje, na sasa Waisiko mwenyewe amekubali, wengine wote wangefuata.

Friji ile ilikuwa na kufuli, mlango wa chuma wa chumba cha dawa nao ulikuwa na kufuli la aina ileile, na ufunguo wa yote mawili ulikuwa mmoja. Miaka miwili nyuma dawa zilipotea, wakaguzi wakaja, Laurensia akakatwa mshahara miezi mitatu kwa dawa ambazo hakuziiba. Tangu siku hiyo aliapa ufunguo hautalala mkononi mwa mtu mwingine. Aliufunga kwa kamba ya kiatu ndani ya mkoba mweusi, na mkoba ulikwenda naye kila mahali, hata chooni. Tabibu waliyekuwa naye alikwenda masomoni na mwingine hajaletwa. Walibaki yeye na Kezia, binti wa hapohapo kijijini, anayefagia, anayeandika daftari, aliyeona watoto wengi wakizaliwa lakini hajafundishwa kuchoma sindano hata moja.

Mshahara ulipoingia, siku za Neema zilikuwa bado kumi na sita. Laurensia alizihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Kumi na sita. Akamwambia Kezia anarudi saa tisa alasiri, akapanda mbele kwenye pikapu ya Heche, walimu wakapanda nyuma.

Ghala walilozoea liko Bomani, mtaa wa nyuma, pale magari makubwa yanapopaki matairi yakiwa juu ya mtaro. Anayepima ni Thadeo, mwanaume mrefu mwenye vumbi la unga kwenye nyusi. Saa tano na nusu walishachukua sukari, mafuta na sabuni, umebaki mchele tu.

"Huu ni elfu mbili na mia mbili," Thadeo alisema akipiga mfuko kofi. "Lakini wewe Mama Jumla ni mtu wangu, sitakudanganya. Kuna fuso linatoka Magu, dereva amenipigia sasa hivi, ameshavuka daraja la Kirumi. Mchele mpya. Huo nitawapa kwa elfu mbili kamili. Saa nane liko hapa."

Laurensia akapiga hesabu hapohapo amesimama. Mfuko wake ni kilo hamsini, wa kumtosha zaidi ya nusu mwaka. Mia mbili kwa kilo ni elfu kumi. Kwenye bahasha ya bati kulikuwa na elfu ishirini na mbili, na bati ni elfu thelathini na mbili. Yaani ilikuwa imekaa kama imepangwa! Bati la ishirini lingekuwa limekamilika leo, na angemtumia mama yake hela kabla ya kutoka mjini. Akawaambia walimu jamani tusubiri, saa mbili si kitu. Hakuna aliyebisha, kila mmoja alikuwa na mfuko wake wa kuupigia hesabu.

Saa sita na robo simu ikalia. Alikuwa Kezia.

"Nesi, mke wa Ryoba amefika."

"Amefika kufanya nini? Siku zake bado."

"Tumbo linamuuma tangu asubuhi. Yuko na mama mkwe."

"Linakuja kila baada ya muda gani?"

"Linakuja, linapotea. Sasa hivi anakunywa uji."

Anayekunywa uji hazai mchana huu, Laurensia alijiambia. Ameona wangapi? Uchungu wa uongo huo, au kama ni wa kweli basi ni wa jioni. "Mwambie atembeetembee," alisema. "Nakuja."

"Unakuja sasa hivi, nesi, au unakuja jioni?"

"Kezia! Nimesema nakuja."

Akakata simu. Ng'ambo ya barabara vijana wa pikipiki walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wanakula miwa. Mpaka zahanati ni elfu ishirini na tano, na kwa kijana mwenye mbio ni saa mbili na kidogo. Aliwatazama. Hilo alilikiri baadaye kwa kinywa chake, kwamba aliwatazama na akajua bei. Angepanda pale, saa nane na nusu angekuwa amefungua friji. Lakini elfu ishirini na tano ingekula nafuu yote ya mchele, ingekula ya sukari, ingegusa na bahasha, na safari nzima ya mwezi ingekuwa kazi bure. Akakaa juu ya mfuko wa sukari, akafungua soda.

Jamani! Kuna mahali mtu anatamani aingie ndani ya habari amshike mwenzake mkono amburute. Ni hapa.

Saa nane ikafika, fuso halijafika. Limepata pancha, Thadeo alisema, lakini karibu tu. Saa tisa kasoro robo simu ikalia tena.

"Nesi, chupa imepasuka. Uko wapi?"

"Niko njiani."

Alisema vile kama tunavyosema sote, bila kufikiri, ulimi umezoea. Na wakati huohuo kijana mmoja akapita nyuma yake akiita abiria kwa sauti ya kupasuka, Sirari, Sirari, Sirari, wawili waondoke! Kezia aliisikia sauti ile kwa upande wa pili. Alikuwa anajua magari ya Sirari huitiwa abiria Tarime mjini, na kwamba kwenye njia ya kurudi, kati ya Nyamongo na Ringwani, hakuna mtu wa kuita Sirari.

"Sawa, nesi," alisema.

Laurensia alinyanyuka sasa. Akamfuata Heche akamwambia tuondoke. Heche akamtazama. "Tuondoke na nani? Walimu wamenilipa kubeba mchele, na mchele haujaja." Laurensia akageuka kwa walimu, akafungua mdomo aseme acheni mchele, twendeni. Basi ndipo fuso likaingia, linapiga honi mtaa mzima, na Thadeo akapiga makofi akasema dakika ishirini tu, Mama Jumla, dakika ishirini umemaliza. Zilikuwa zaidi ya saa nzima. Mifuko ilishushwa, ikapimwa, mmoja ukapungua, ukaongezwa, mwalimu mmoja akataka kuonja kama una mawe. Laurensia alikuwa anawafokea mpaka sauti ikakauka. Lakini alisimama hapo, na hela alilipa, na elfu kumi ilibaki mkononi.

Pikapu iliondoka saa kumi na nusu imelala matairi kwa mzigo. Hawajafika nusu ya njia, simu ya tatu.

"Nesi, mtoto ametoka. Mzima. Lakini damu, nesi. Damu haikati."

"Sugua tumbo! Kezia, sugua tumbo kwa nguvu, chini ya kitovu!"

"Mama mkwe anasugua. Anasema dawa iko kwenye friji. Anasema ulimwonyesha. Ufunguo uko wapi?"

Ufunguo ulikuwa juu ya mapaja yake. Alikuwa ameushika bila kujua, kamba ya kiatu imezunguka kidole.

"Vunja! Mwambie Ryoba avunje kufuli!"

"Ni mlango wa chuma, nesi, ule..." Mtandao ukakatika. Laurensia akapiga tena, akapiga tena, akapiga kwa watu wa gari la wagonjwa, wakamwambia gari limempeleka mtu mwingine na likirudi litakuja. Akamgeukia Heche. "Mura, kijana wangu, kimbiza gari!" Heche alikuwa na jasho mpaka shingoni. "Na mzigo huu, nesi, mlima ule sipandi zaidi ya hivi," alisema. "Tazama mwenyewe." Pikapu ilikuwa inapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma walimu walikuwa wamekaa juu ya mchele, hawajui kitu, mmoja anaimba.

Walifika jua limeshaingia. Wanawake walikuwa wamekaa chini nje ya zahanati, wamenyoosha miguu, kimya. Kimya kile Laurensia alikifahamu kabla hajashuka. Ndani, mlango wa chumba cha dawa ulikuwa umeng'olewa pamoja na fremu, shoka limelala sakafuni, na kufuli la friji limepasuliwa. Juu ya meza Kezia alikuwa amepanga vichupa vyote vya friji mstari mmoja, vya chanjo na visivyo vya chanjo. Kimoja kilikuwa kimesogezwa mbele peke yake. Waisiko ndiye aliyekichagua, na alichagua sawasawa. Lakini mlango ulipofunguka Neema alikuwa ameshakata roho, na sindano ya kumchoma maiti hakuna.

Mtoto alikuwa msichana, amefungwa kwenye kanga ya bibi yake, analia vizuri tu.

Laurensia alipiga magoti pale kitandani akashika mguu wa Neema, wa baridi. Hakulia. Ryoba alisimama mlangoni, mikono imevimba kwa lile shoka, anatazama nje kwenye pikapu, kwenye katoni zilizopangwa nyuma. "Pole, nesi," alisema. "Kezia alituambia ulikwenda Tarime kutufuatia dawa nyingine. Umejitahidi. Ni njia tu ndiyo mbaya."

Laurensia alimtazama Kezia. Kezia alikuwa anatazama sakafu. Katoni zile zilikuwa za sabuni na mafuta ya kula, na kulikuwa na nafasi ya kusema hivyo, nafasi ndogo kama tundu la sindano. Laurensia hakusema.

Kesho yake alipeleka mfuko wake wote wa mchele msibani, kilo hamsini, haujafunguliwa uzi. Aliubeba Heche, hakudai hela ya kubeba. Watu walikuwa wengi, wamekuja mpaka kutoka ng'ambo ya mto Mara, na Ryoba hakuwa na kitu. Wali ulipikwa masufuria manne. Waisiko alimshika Laurensia mikono yote miwili mbele ya watu. "Umetuokoa, mwanangu," alisema. "Tungewalisha nini hawa?" Wanawake wakamwekea sahani iliyojaa. Alikula. Angefanyaje? Alikula tonge moja baada ya jingine, wanamwangalia kwa huruma, na lililobaki akalimalizia kwa maji.

Siku ya kugawana, walimu walikuja na ndoo zao zahanati kama kawaida. Mizani ikaning'inizwa. Ilipofika zamu ya Kezia, aliyekuwa na kilo kumi, alisema yeye asipimiwe.

"Kwa nini?" Laurensia aliuliza.

"Nirudishie hela yangu, nesi. Nitanunua kwa Mzee Isack."

"Kwa Isack ni elfu mbili na mia sita."

"Najua bei yake," Kezia alisema.

Walimu walidhani binti ana shida ya hela taslimu, wakamtania kidogo, wakaendelea kupima. Laurensia alifungua ile bahasha ya bati akamhesabia Kezia elfu ishirini. Toka siku hiyo wawili hao walifanya kazi pamoja kila siku, wakipeana daftari, wakipeana glovu, wakisalimiana asubuhi. Kezia hakumwambia mtu. Ingekuwa afadhali angesema, maana Laurensia alikuwa anaamka usiku ana maneno yote tayari mdomoni, na hakuna wa kumwambia.

Wiki ya sita Waisiko alikuja na mtoto kwa chanjo. Alikuwa amekonda. Mtoto alikuwa analelewa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, usiku kucha bibi hana usingizi. Chini ya kwapa alikuwa na jogoo mwekundu amefungwa miguu.

"Shikamoo, mama," Laurensia alisema.

"Marahaba, mwanangu." Akamweka jogoo sakafuni. "Huyu ni wako. Ryoba amesema ni mdogo, nikamwambia nesi hatatucheka."

Mtoto akatiwa kwenye kisuruali cha turubai, akaning'inia, miguu inatikisika, mshale unayumba. Laurensia akakaa mezani na kadi. Juu iliandikwa Mtoto wa Neema, kwa mwandiko wa Kezia, na mahali pa jina palikuwa patupu.

"Jina ameshapata?"

Waisiko akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. "Tumekaa na wazee. Andika jina lako."

"Jina langu?"

"Laurensia. Mama yake hayupo, lakini kuna mtu alimkimbilia. Akikua tutamwambia."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Kezia, aliyekuwa anafagia karibu na mlango, aliacha kufagia.

"Mama, siwezi," Laurensia alisema. Sauti ile ya kukaripia ilikuwa haipo kabisa. "Siku ile sikwenda kufuata dawa. Dawa ilikuwa humu ndani. Nilikwenda kununua chakula changu. Kezia alinipigia saa sita, akaniambia mmefika. Ningepanda pikipiki ningewahi. Sikupanda. Nilikaa nasubiri mchele."

Waisiko alimtazama kama mtu aliyeambiwa neno kwa lugha asiyoijua. "Mchele gani?"

"Ulikuwa unakuja na gari. Bei yake ilikuwa nafuu."

Mtoto alianza kulia kwenye mizani na hakuna aliyemfuata.

"Ule tuliokula?"

"Ndiyo, mama. Ule ule."

"Ulipungua kiasi gani?"

"Mia mbili." Laurensia aliweka kalamu chini. "Kwa kilo."

Waisiko aligeuza uso akamtazama mjukuu wake anayening'inia. "Na huyu ana kilo ngapi?" aliuliza, na ilikuwa kweli anauliza, maana ndilo lililomleta.

"Tatu na robo."

Bibi akanyanyuka, akamtoa mtoto kwenye kisuruali polepole, mguu mmoja halafu wa pili, akamfunga mgongoni kwa kanga. Akaokota jogoo wake. Mlangoni akasimama. "Andika Neema," alisema, akatoka. Laurensia akaandika.

Ryoba hakuja na shoka, kama Laurensia alivyomtegemea usiku mwingi. Hakuna aliyekuja. Yeye mwenyewe alikwenda wilayani akaeleza yote, wakamsikiliza, wakaandika, wakamwambia arudi kituoni kwani hakuna wa kumpeleka mahali pake mpaka barua itakapotoka. Barua bado haijatoka. Bati kule Muleba ni zilezile kumi na tisa, na mama yake akipiga simu mvua inaponyesha, Laurensia anamwambia avumilie. Sukari ananunua robo kwa Mzee Isack, mchele kilo moja moja, na mzee, aliyekuwa na maneno mengi, anampimia bila kusema kitu na kumwongezea kidogo.

Waisiko anamleta mtoto kila mwezi, maana zahanati ni hiyo moja. Anajibu marahaba, anapokea kadi, anaondoka. Lakini ana siku nyingine anayokuja, bila mtoto, bila kuumwa. Siku ya mshahara, pikapu ya Heche ikishaondoka na walimu, bibi anavuka korongo, anakaa kwenye benchi la nje la zahanati na fimbo yake, na pale anakaa mpaka walimu warudi. Haingii ndani. Kila baada ya muda anainua shingo kidogo, anachungulia dirishani, aone kama nesi yupo.